Mashine Yetu ya Upatu

Kuna maneno mawili ambayo yamenipandisha hasira miaka yote ya ufundi wangu: nunua mpya.

Mimi ni fundi wa pampu za maji. Kibanda changu kiko Ipagala, mabati juu, mabati ubavuni, na benchi la mninga nililoachiwa na fundi aliyenifundisha kazi. Mteja mgeni akifika huchungulia ndani, akaniona mimi na gauni langu lililolowa oili, kisha akauliza, "Samahani mama, fundi yuko wapi?" Zamani nilikuwa nikimjibu. Siku hizi namwacha aendelee kumtafuta huyo fundi wake, huku mimi nikiifungua pampu.

Mara nyingi ugonjwa ni uleule. Ndani ya pampu kuna kisahani chenye mapezi, sisi mafundi tunakiita impela, ndicho kinachozunguka na kuyasukuma maji. Maji yetu yana mchanga, na mchanga hula mapezi. Utaikuta injini inanguruma vizuri kabisa, mwili wa pampu hauna hata ufa, ila kile kisahani cha kuenea kiganjani ndicho kimekwisha. Ninapiga simu duka la mjini. Duka la mjini linapiga simu Dar es Salaam. Jibu linarudi njia ileile: hizo impela haziletwi peke yake, mwambie mteja anunue pampu mpya.

Wanasema kirahisi sana. Hawamwoni mtu niliyesimama naye, ambaye ameifunga pampu kwenye bodaboda kwa mpira na kuivusha vumbi lote hilo, huku shamba lake likiwa limebakiza siku chache za uhai. Mimi namwona. Nimewahi kumkatia mwenye duka simu katikati ya sentensi yake, na sijawahi kumwomba radhi.

Labda ni malezi. Nimezaliwa Haneti, mama yangu alikuwa mfinyanzi. Kwetu hapakuwa na chombo kilichoharibika kikaambiwa kinunuliwe kingine. Kilitengenezwa, au kilifinyangwa kingine kwa mikono iliyokuwapo. Tena mama alikuwa na sheria moja ambayo hakuna mtoto wake aliyethubutu kuivunja: chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Ukiazima sufuria ya jirani, unairudisha imeoshwa, na ndani yake kuna kitu. Karanga za kiganja kimoja, mlenda mkavu kidogo, hata yai. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenzako kwamba hamtaazimana tena.

Basi, mradi ukaja.

Mratibu wa mradi alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, shati lake limepigwa pasi hadi mikono inasimama. Alituita wenye karakana ndogo kwenye ukumbi mmoja mjini, Dodoma na Kondoa na wengine kutoka Singida, akatueleza kwamba tutajifunza kutumia mashine ya kuchapa vitu. Si kuchapa karatasi. Unaichora sura ya kitu kwenye kompyuta, mashine inayeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka mpaka kitu chenyewe kisimame mbele yako. Alilitamka neno "ushirikiano wa kikanda" mara nyingi kiasi kwamba mzee mmoja nyuma yangu alisinzia. Mimi sikusinzia. Nilikuwa nimeona kwenye meza ya mbele kigurudumu chenye meno, kidogo, cha plastiki nyeupe, na nilikuwa nikiyahesabu mapezi ya impela kichwani mwangu.

Tuligawanywa vikundi. Kikundi changu kilikuwa cha watu watatu. Wa kwanza mimi. Wa pili fundi wa Kondoa, Mrangi, mtu wa swala tano na maneno elfu, ambaye huyeyusha alumini chakavu na kuimimina kwenye mchanga ikawa sufuria na miiko ya kuuza mnadani. Wa tatu alikuwa mama mmoja wa Hombolo, mteja wangu wa miaka mingi, mwenye shamba la zabibu na kikarakana cha kukamua juisi. Yeye alikuja kwa sababu pampu zake zilikuwa zinanipa kazi kuliko za mtu mwingine yeyote, na alisema wazi kwamba amechoka kunilisha.

Mwalimu wetu alikuwa binti wa chuoni, ambaye ningeweza kumzaa. Kila asubuhi alikuwa akitupigia shikamoo sote watatu, kisha anatugeukia na kutukaripia kama watoto wa chekechea tukigusa kisichoguswa. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Alitufundisha kuchora, kupima, kusafisha mdomo wa mashine ukiziba, kusawazisha kitanda chake ili tabaka la kwanza lishike. Mafunzo yalipokwisha, kikundi chetu kikapewa mashine moja. Kwa maelekezo ya mradi ilitakiwa ikae kwangu Ipagala, na wenzangu waje kuitumia.

Sasa, nani atatoka Kondoa kila akitaka kuchapa kitu? Mama wa Hombolo ndiye aliyesema, tena bila kufikiri sana, "Tuizungushe kama upatu."

Na kweli, kila mwanamke wa Dodoma anaujua upatu. Kila mtu ana zamu yake, zamu ikifika unapokea, ikiisha unapitisha, na asiyepitisha hana pa kuweka uso wake. Tukakubaliana hivyo. Mwezi kwangu, mwezi Kondoa, mwezi Hombolo. Hatukumwomba mratibu ruhusa kwa sababu hatukuona kuna cha kuombea.

Nakumbuka safari ya kwanza ya mashine hiyo. Niliiweka kwenye boksi, nikaizungushia kipande cha godoro, nikaifunika kanga, nikailipia kiti chake kwenye basi la Kondoa. Kondakta alitaka iende kwenye buti. Nikamkatalia. Akaniuliza hiki ni nini hasa mpaka kikalie kiti cha abiria. Nikamwambia ni mwali, ninampeleka kwa mume. Basi zima likacheka, na mama mmoja nyuma akapiga kigelegele. Kule Kondoa fundi alitupokea stendi na rafiki zake wawili, akalibeba boksi mwenyewe, hakumruhusu mtu mwingine alishike.

Mambo yakaharibika ilipokuwa zamu yangu.

Mama wa Hombolo alikuwa ameniletea pampu, impela imeliwa hadi imebaki kisiki. Ilikuwa kiangazi, zabibu zake zinataka maji. Nikasema hapa ndipo mahali pa mashine. Nikaipima ile iliyokufa, nikakadiria mapezi yalivyokuwa kabla hayajaliwa, mwalimu akanisahihishia mchoro kwa simu, nikachapa impela kadhaa. Zilitoka safi. Nilizishika moja moja nikaziona bado zina joto, kama kitu kilichotoka tumboni.

Siku hiyohiyo mratibu alikuwa analeta wageni kuona maendeleo. Mimi nikataka kazi yangu iwe imekamilika. Na kwetu sisi watoto wa wafinyanzi, chungu hakiendi kazini kikiwa kimetoka mikononi tu. Kinakaa kwanza kivulini, halafu kabla ya moto kinaonjeshwa jua. Kisichoonja jua hupasuka. Nimekua nikiyasikia hayo kabla sijajua kusoma. Mwalimu alikuwa ametuambia plastiki haipendi joto, ni kweli, lakini alikuwa anazungumzia kuhifadhi uzi, na mimi kichwani mwangu uzi ni udongo, kitu kilichokwisha kuumbwa ni kitu kingine. Nikapanda kwenye ngazi, nikazipanga impela zangu juu ya bati, moja tu nikaibakiza ndani kwa ajili ya kupimia. Jua la Dodoma, saa sita, juu ya bati.

Wageni walipofika nilipanda kuziteremsha kwa mbwembwe. Mapezi yalikuwa yamelala. Visahani vimejikunja kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Mmoja wa wageni alizipiga picha, akaigeuza moja huku na huku kwa vidole viwili, akaniuliza kwa upole kama hii ndiyo pampu itakayonyanyua maji. Wenzake wakacheka, si sana, lakini wakacheka.

Mratibu akanivuta pembeni. "Mama, usijisikie vibaya. Hii teknolojia inahitaji watu wenye msingi kidogo."

"Msingi gani?"

"Wa darasani. Halafu nasikia mashine mnaizungusha kwenye mabasi. Hilo nalo halikubaliki. Nitapendekeza kiangazi kikiisha irudi chuoni, iwekwe kwenye chumba maalum. Mtakuwa mnakuja kwa miadi."

"Na wa Kondoa naye aje kwa miadi?"

"Tutaangalia utaratibu," akasema.

Nimeishi katika mji huu muda wa kutosha kujua kwamba utaratibu ukishaanza kuangaliwa, kitu hakipo tena. Mashine ingewekwa kwenye chumba chenye kufuli, ingefunikwa kitambaa, ingepigwa picha kila wageni wakija. Nilikasirika. Niliwaaga wale wageni kwa adabu zote, nikafunga kibanda, nikazikusanya zile chapati zangu kwenye ndoo. Sikuzitupa. Sikuona kwa nini nione haya kwa sababu nimefanya nilichofundishwa na mama yangu. Nilichokosea ni kitu kimoja, na kitu kimoja kinarekebishika.

Fundi wa Kondoa alipopata habari alikuja mwenyewe. Aliingia kibandani akiniamkia kwa Kigogo ili aniudhi.

"Mbukwa, mfinyanzi!"

"Mbukwa. Cheka umalize."

Akacheka, akamaliza, tena bila haraka. Alizitoa impela zilizokunjamana kwenye ndoo, akazivaa kichwani kama kofia, akauliza kama naonelea amshonee mkewe moja ya sikukuu. Kisha akaiona ile moja iliyobaki ndani, nzima, imekaa juu ya benchi. Akaacha utani. Akaishika, akapitisha kidole kwenye mapezi, akaigeuza chini juu.

"Wewe," akasema, "miaka mingapi watu wananiletea impela zilizoliwa, wananiambia nimiminie nyingine kama hii?"

"Mingi."

"Na mimi nawaambia siwezi. Maana mchanga unatoa ulichouonyesha. Ukiuonyesha kibovu unakupa kibovu. Sasa leo unayo nzima mkononi, halafu unaipeleka juani! Hii haina kazi ndani ya pampu, mama. Hii kazi yake ni mchangani."

Nikakaa chini kwenye kigoda. Tulikuwa tumehangaika na plastiki ivumilie maji, ivumilie joto, ivumilie mchanga, wakati kilichotakiwa ni ivumilie kushindiliwa mchangani mara moja tu na kutolewa. Plastiki iache sura yake, alumini ije kuijaza.

Kesho yake tulikuwa Kondoa. Karakana yake ni uwanja wenye ukuta wa matofali upande mmoja na rundo la sufuria zilizotoboka upande wa pili. Alichekecha mchanga, akauchanganya na maji kidogo kwa kuukamata ngumini mpaka ukashikana, akaishindilia impela yangu ndani ya boksi lake la mbao, akaligonga gonga, akaitoa polepole huku amebana pumzi. Alama ya kila pezi ilibaki. Akamimina. Alumini ile nyeupe iliingia bila kelele. Tulipovunja mchanga tukaikuta impela ya alumini, nyeusi kwa masizi, nzito, na mapezi yote yamesimama.

Wala haikufanya kazi. Niseme ukweli, nilipoikereza na kuifunga kwenye pampu, maji yalitoka ya kubembelezwa. Impela ilikuwa inapwaya kwenye nyumba yake. Nikampigia mwalimu simu, akajigonga paji la uso, nikasikia kabisa kofi lake.

"Mama, alumini ikipoa inajivuta! Inatoka ndogo kuliko mchoro. Nilitakiwa kuwaambia, lakini sikujua kama mtamimina."

"Sisi wenyewe hatukujua," nikamwambia. "Hata udongo unajivuta. Mama alikuwa anafinyanga chungu kikubwa kuliko anachokitaka."

"Basi fanya kama mama. Tuikuze kidogo kwenye kompyuta."

Tukaikuza. Tukachapa, sikuanika, fundi akamimina, nikakereza. Tukaipeleka pampu Hombolo, mimi na fundi wa Kondoa. Mama wa Hombolo aliivuta kamba ya injini yeye mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Mpira wa maji ukakakamaa, ukatikisika, maji yakaenda mpaka mwisho wa mistari ya zabibu, kule ambako majani yalikuwa yameanza kukunjamana pembeni. Mama akavua kandambili, akaingia kwenye tope, akasimama humo.

Mimi nililia kidogo. Fundi wa Kondoa alijifanya anachunguza injini.

Nikampelekea mratibu picha na video, na kusema kweli nilidhani yamekwisha. Alikuja Hombolo mwenyewe, akaishika ile impela, akafurahi. Furaha yake ilikuwa ya kweli, nilimwona. Alipiga picha nyingi. Akaniambia jambo hili litaandikwa kwenye ripoti ya mradi, ukurasa mzima.

"Kwa hiyo mashine inabaki," nikasema.

Akatazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vimejaa tope. "Mama, pendekezo nilishalipeleka. Limepitishwa. Makao makuu wakishapitisha…"

Sisi Dodoma ndiyo makao makuu ya nchi, lakini kila mtu anayekuja hapa ana makao makuu mengine ya kuyaogopa.

"Uliwaambia watu hawa hawana msingi," nikamwambia. "Waambie sasa wanao. Wewe una mdomo, au umeazima?"

"Mama, nielewe. Nikianza kupinga nilichokiandika mwenyewe nitaonekanaje?"

"Utaonekana mwanamume."

Sijutii kumwambia hivyo, na leo ningemwambia tena. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaiogopa sahihi yake mwenyewe, na woga wa mtu mpole ndio uliokuwa unatunyang'anya mashine. Aliniambia ataifuata mvua za kwanza zikinyesha.

Tuliporudi kukaa watatu, mama wa Hombolo alitaka tuifiche. Ingekuwa rahisi: akija Ipagala, iko Kondoa, akienda Kondoa, iko Hombolo. Upatu ungemzungusha mpaka matairi yaishe. Fundi wa Kondoa naye alikubali, akaanza hata kupanga ataificha chini ya sufuria zipi. Mimi ndiye niliyekataa. Chombo ni cha watu, na mimi sikulelewa kuficha chombo cha watu. Lakini nikawauliza, "Hii mashine yenyewe imetengenezwa na nini?"

Tukaitazama kwa macho mapya. Fremu ya alumini. Mota ndogo chache. Mikanda. Pembe na vishikio vya plastiki, ambavyo, tulipovichunguza, tuliona mistari ya tabaka juu ya tabaka. Vilikuwa vimechapwa na mashine nyingine kama hiyo. Fundi wa Kondoa alisema, "Kumbe ina mama yake," na tangu hapo tulijua tunachofanya.

Mji huu una ofisi nyingi, na ofisi huua mashine za fotokopi kila siku. Zinarundikwa kwa wauza vyuma chakavu zikiwa zimeambiwa yaleyale maneno yangu mawili. Ndani ya kila maiti kuna mota nzima, nondo zilizonyooka, mikanda. Nilizichambua kama kuku. Fremu tuliipata kwa mafundi wa madirisha, maana Dodoma inajengwa na vipande vya alumini vinabaki kila mtaa. Vishikio tulivichapa kwa mashine ya mradi yenyewe, na vile vilivyotakiwa kuvumilia joto na mtikisiko fundi wa Kondoa alivimimina. Ubongo wake, ile bodi ya umeme, hatukuweza kuutengeneza, tulichangishana, tukaagiza. Mwalimu alikuja Jumamosi zake, bila kutumwa na mtu, akatuwekea programu. Nilimwuliza kama hatapata matatizo kazini. Akasema, "Mimi nilitumwa niwafundishe, mama. Nafundisha."

Mashine yetu ilitoka na sura mbaya sana. Upande mmoja una rangi ya kahawia ya madirisha, mwingine wa fedha, na ina sauti ya kulalamika kila inapogeuka kona. Kitu cha kwanza kuchapa kilikuwa cha ovyo, kimeegemea upande. Tukaisawazisha. Cha pili kikasimama.

Mvua ya kwanza ilinyesha, na mratibu akaja na pikapu kama alivyoahidi. Nadhani alijiandaa kwa ugomvi, kwa sababu alikuja na watu wawili ambao hawakuwa na kazi yoyote ya maana. Alinikuta nimekwishaitoa mashine ya mradi nje. Nilikuwa nimeisafisha mdomo, nimeifuta kitanda kwa spiriti, nimeiweka kwenye boksi lake na godoro lake. Juu ya kitanda chake, nimeifunga kwa kipande cha kanga, nilikuwa nimeweka impela ya alumini, mpya, imekerezwa mpaka inang'aa.

"Hii ya nini tena?" akauliza.

"Chombo cha watu hakirudishwi kitupu."

Alisimama na ile impela mkononi. Kwetu zawadi ya namna hiyo ni heshima, na nilimpa kwa heshima; lakini nilitaka pia akae nayo mezani kwake, kila akiinua macho aione. Aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusamehewa, "Sasa mtafanya nini, mama?"

Ndani ya kibanda ile mbaya yetu ilikuwa inalalamika kwenye kona zake, inachapa vishikio vya mashine ya tatu, ya akina mama wanaokamua alizeti kule kwetu Haneti. Walikuwa wameingia kwenye upatu, na zamu yao ilikuwa inakaribia. Mratibu alisikia. Aligeuza shingo kuelekea mlangoni, akangoja nimkaribishe ndani. Sikumkaribisha.

"Tuna kazi," nikamwambia. "Safari njema."

Mashine ikaenda kwenye chumba chake maalum. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba kweli iliwekewa kitambaa, cha bluu. Wanafunzi waliigusa kwa zamu, siku zilizopangwa, na kwa muda ilifanya kazi. Sisi tukaendelea. Impela zetu sasa ziko Hombolo, ziko Kondoa, nyingine sijui hata zilipo, na mwenye duka la mjini ameanza kunielekezea wateja, jambo ambalo sijamshukuru.

Kisha siku moja, niko benchi, mikono imejaa oili, simu ikaita. Mratibu. Akanisalimia kirefu, akaulizia hali ya mvua, ya kazi, ya fundi wa Kondoa. Nikajua ana jambo. Akasema mashine ya chuoni imesimama. Kishikio kimoja kimekatika, kile kinachobeba mdomo. Wameandika kwa walioiuza.

"Wamesemaje?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimekwisha kulisikia jibu lake kabla hajafumbua kinywa.

Akakohoa. "Wamesema hicho hakiuzwi peke yake. Wamesema tununue mpya."

Nilifuta mikono yangu kwa utulivu, kidole kimoja kimoja, nikamwacha anisubiri. Nje mteja mgeni alikuwa anachungulia, anamtafuta fundi.

"Ilete Ipagala," nikamwambia. "Ila usiilete tupu."